Wa kati hulipa mara mbili

Maskini ana wa kumtetea. Wanasiasa humtaja kila wanaposhika kipaza sauti, mashirika humwandikia ripoti, na kanisa humchangia. Tajiri naye hujitetea mwenyewe, maana ana wakili, ana mhasibu, na simu zake hupokelewa. Lakini yule aliye katikati, mwenye kazi ya mshahara, mwenye ploti yenye nyumba isiyokwisha kujengwa na watoto watatu shuleni, ni nani anayemsemea?

Swali hili linawahusu wengi wa wanaoishi Kimumu. Mtaa huu ulio kando ya barabara ya kutoka Eldoret kwenda Iten umejengwa kwa mishahara. Palipokuwa na mahindi sasa pana ploti za futi 50 kwa 100, na kwenye ploti hizo wamejenga walimu, wauguzi, wahadhiri, makarani wa benki na askari. Chuo Kikuu cha Eldoret hakiko mbali. Wapo wengi ambao wazazi wao walikuwa wakulima wadogo au vibarua, wakasomeshwa kwa taabu, wakaajiriwa, na wakawa wa kwanza katika ukoo kuwa na hati ya mshahara. Ukiwaona kwa nje utasema wamefika.

Wamefika kweli, lakini tuifungue hati yenyewe tuone kilichomo.

Tazama mfano huu

Mchukue karani ambaye mshahara wake wote kwa mwezi ni shilingi 60,000. Mwaka wa 2022 alikatwa shilingi 200 za NSSF, shilingi 1,300 za bima ya NHIF, na ushuru wa mapato uliozidi kidogo shilingi 10,100. Alibaki na shilingi 48,370 hivi.

Mwaka wa 2025 karani yuyo huyo, kwa mshahara ule ule, alikatwa shilingi 3,600 za NSSF, shilingi 1,650 za bima mpya ya afya, shilingi 900 za ada ya nyumba, na ushuru wa shilingi 8,540 hivi. Ushuru wenyewe ulipungua kwa sababu tangu mwishoni mwa Desemba 2024 makato hayo matatu huondolewa kwanza, kisha ushuru ukahesabiwa kwa kinachobaki. Hata hivyo akabaki na shilingi 45,310 hivi. Ametoka nyuma kwa shilingi 3,060 kila mwezi.

Tuwe wa haki, msomaji. Zile 3,600 za NSSF ni akiba yake ya uzeeni, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Mtu anayesema serikali imemla mshahara wote hajafanya hesabu. Lakini mwenye shilingi 45,310 leo hana nguvu za mwenye shilingi 45,310 wa zamani. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6. Julai 2023 ushuru wa VAT kwa mafuta ulipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na mwezi wa Septemba mwaka huo petroli ikapita shilingi 200 kwa lita. Petroli ikipanda, nauli ya matatu hupanda, na unga, nyanya na sabuni hufuata nyuma.

Halafu kuna deni. Sheria ya ajira ya mwaka wa 2007 inasema makato yote yasipite theluthi mbili za mshahara. Kwa karani wetu maana yake ni kwamba lazima abaki na shilingi 20,000. Sheria iliwekwa kumkinga, lakini wengi wetu tumeigeuza kuwa kipimo cha mkopo. Sacco itakata yake, benki itakata yake, mpaka iguswe ile theluthi ya mwisho. Basi mtu anayeitwa "mdosi" kijijini kwao huishi kwa shilingi 20,000 yeye na jamaa yake yote, na ikifika katikati ya mwezi anakopa kwa simu ili anunue gesi. Mshahara ukiingia, simu inajilipa kwanza kabla yeye hajaugusa.

Mara ya pili

Yote hayo ni malipo ya mara ya kwanza. Sasa tuhesabu ya pili.

Mwaka wa 2003 serikali ya Rais Mwai Kibaki iliondoa karo katika shule za msingi za umma. Lilikuwa jambo jema, na watoto zaidi ya milioni moja waliingia darasani. Lakini madarasa yalifurika, walimu hawakutosha, na mzazi mwenye mshahara akatazama upande huu na upande ule, kisha akamhamishia mwanawe shule ya kibinafsi. Tangu hapo amekuwa akilipa ushuru unaoendesha shule ya umma, na akilipa karo ya shule nyingine ambayo mtoto wake anasoma.

Ndivyo ilivyo pia kwa afya. Tangu Oktoba 2024 asilimia 2.75 ya mshahara wake huenda kwa bima ya afya ya jamii, na tofauti na zamani haina kikomo cha juu. Lakini mtoto akishikwa na homa usiku, akapelekwa hospitali ya umma, mzazi anaweza kuandikiwa dawa na kuambiwa akainunue nje. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma siku 56, kuanzia Machi hadi Mei. Mwenye kadi ya bima alilazimika kutoa pesa taslimu katika hospitali ya kibinafsi, au amwombe Mungu.

Maji ya mfereji yakikauka, hununua tangi. Taa za barabarani zikizimika, wakazi huchanga kumlipa mlinzi. Na hata nyumba: yupo mtu wa Kimumu anayelipa mkopo wa Sacco aliojengea nyumba yake mwenyewe, na huku anakatwa asilimia 1.5 ya kujenga nyumba ambazo hataishi ndani yake. Wanaoitetea ada hiyo husema inawapa vijana kazi za mjengo, na hilo lina ukweli wake. Lakini mfuko unaotoa ni mmoja.

Elimu ya juu ndiyo iliyowaumiza wengi zaidi. Mwaka wa 2023 serikali ilileta mtindo mpya wa kufadhili vyuo vikuu, wanafunzi wakagawanywa katika makundi kulingana na uwezo wa familia zao. Familia nyingi zililalamika kwamba watoto wao waliwekwa katika kundi la wanaojiweza, hali wazazi wanahangaika. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mtindo huo unakiuka Katiba, na mvutano wa mahakamani ukaendelea. Mzazi naye alikuwa na barua ya kujiunga na chuo mkononi. Hakuweza kusubiri majaji.

Waliotaka kuikimbia hali hiyo kwa kuwapeleka watoto ng'ambo nao walikumbana na yao. Wazazi wa Uasin Gishu waliotoa pesa ili watoto wao wakasome Finland na Kanada kupitia mpango wa kaunti waliandamana mjini Eldoret mwaka wa 2023 wakidai haki yao. Wapo waliouza mashamba. Shamba la ukoo likishauzwa, halirudi.

Mmoja akiyumba

Jambo ambalo wengi hawalioni ni jinsi watu wa kati wanavyoegemeana. Mwaka wa 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma siku 49, kuanzia tarehe 17 Septemba hadi tarehe 5 Novemba, wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa miaka ya 2017 hadi 2021. Yaani walikuwa wakidai jasho la miaka iliyopita.

Sasa fikiria mtaa wanamoishi wahadhiri na kupanga wanafunzi. Wanafunzi wakirudi makwao, vyumba hubaki vitupu. Mwenye vyumba ni muuguzi aliyekopa ili ajenge, na mkopo wake haugomi. Mama mboga aliyekuwa akiuza mafungu thelathini ya sukuma wiki kwa siku anauza kumi. Kinyozi anakaa kibarazani. Kijana wa boda boda analala kwenye pikipiki yake akingoja abiria. Mshahara wa mtu wa kati haumlishi yeye peke yake. Ukikauka, mtaa mzima hukauka.

Tena nyuma yake kuna kijiji. Kuna mama anayehitaji dawa za presha, ndugu mdogo aliye chuo cha ufundi, na binamu anayefiwa. Kila harambee jina lake limo orodhani. Akitoa kidogo husemwa, na akikosa kabisa huambiwa mjini kumemharibu.

Wapo wanaodhani dawa ni kwenda Marekani, na Eldoret ina watoto wengi huko, wakiwemo waliofika kwa mbio. Lakini hata huko hadithi si geni. Utafiti wa Pew Research Center ulionyesha kwamba mwaka wa 1971 watu wazima 61 katika kila 100 waliishi katika familia za kipato cha kati. Kufikia mwaka wa 2021 walikuwa 50. Baadhi walipanda wakawa matajiri, wengine wakashuka. Waliobaki katikati wanalia na gharama ya nyumba, ya hospitali na ya chuo, yaani mambo yale yale. Tofauti ni kwamba wao wanalia kwa dola.

Kimya cha watu wa kati

Kwa nini basi watu hawa, wenye elimu na wengi kwa idadi, hawasikiki? Jibu langu, msomaji, huenda lisikupendeze.

Kila mtu wa kati anapopata shida ya umma, huitafutia dawa ya peke yake. Shule ikiharibika humwondoa mtoto. Maji yakikosekana hununua tangi. Kila anapofanya hivyo, hupunguza sauti moja. Aliyemhamisha mwanawe haendi tena mkutano wa wazazi wa shule ya mtaani, na mwalimu mkuu hana wa kumwuliza pesa zilienda wapi. Wanaobaki ni wale wasio na muda wa mkutano, kwa kuwa wako kibaruani. Hivyo huduma huzidi kudidimia, na mwenye mshahara huzidi kulipa.

Juni 2024 watoto wetu walituonyesha njia nyingine. Waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu na kuuliza kwa nini mkate utozwe VAT ya asilimia 16, na gari litozwe asilimia 2.5 ya thamani yake. Tarehe 18 Juni mapendekezo hayo mawili yaliondolewa. Tarehe 25 Juni maandamano yalitanda nchini, Eldoret ikiwemo, na kesho yake Rais William Ruto akasema hatautia mswada sahihi. Lakini damu ilimwagika, na kuna wazazi waliozika. Haifai wazee wakae sebuleni wakitazama televisheni huku vijana wakifa kwa ajili ya hesabu ambayo watu wazima wangeiuliza mapema.

Na kuna mahali pa kuiuliza. Katiba ya mwaka wa 2010 inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Kila mwaka, kati ya Februari na Juni, kaunti huandaa mipango na makadirio yake ya bajeti, na wadi zina nafasi ya kusema. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024. Jiji bila wakazi wanaouliza maswali ni jina tu. Mhasibu anayekagua vitabu vya kampuni siku tano kwa wiki hashindwi kusoma bajeti ya wadi yake Jumamosi moja.

Lakini kabla ya kwenda barazani, anzia nyumbani. Iweke hati ya mshahara mezani. Ziko nyumba nyingi ambamo mke hajui mume ana mikopo mingapi, na mume hajui mke anadaiwa nini katika chama. Siri hiyo hailindi heshima. Siku dalali atakapogonga lango, heshima na siri vitatoka pamoja, na watoto watatazama. Kaeni, baba na mama, muandike mstari mmoja wa mnacholipa kupitia makato, na mstari wa pili wa mnacholipa tena kwa jambo lile lile. Watoto walio shule ya upili waketi nao wasikie. Mtoto anayejua hesabu ya nyumbani haoni haya kuvaa viatu vya mwaka jana.

Mstari ule wa pili ukiuona umekuwa mrefu, usiishie kusikitika. Mkunje ukaweke mfukoni, na siku ya mkutano wa wadi au wa shule uutoe na usimame. Kidole kimoja hakivunji chawa, na Kimumu ina vidole vingi.