PLASTA MBICHI SI RUHUSA YA KAZI



Mwenzetu akivunjika mguu, mabwana wa kazi husema: "Amekwisha fungwa plasta, kesho na aje." Maneno hayo ni ya hatari, na lazima tuyakatae.

Plasta ni jasi iliyochomwa. Ikitiwa maji hushika kwa dakika chache, nawe ukiigonga utadhani ni jiwe. Lakini kushika si kukauka. Maji yaliyobaki ndani hutoka polepole kwa siku mbili, na plasta nene ya mguu hata siku tatu. Muda huo nguvu zake ni kama nusu tu ya plasta kavu. Ukiikanyagia hulegea na kupasuka kifundoni au nyuma ya goti, na mfupa waweza kusogea. Kisha hulaumiwa nani? Mgonjwa!

Sisi wa reli twajua jambo hili. Hakuna msimamizi apitishaye gari la moshi juu ya daraja ambalo saruji yake ni ya jana. Je, mguu wa mtu ni duni kuliko daraja?

Na mtu wa Mahoo akifungwa plasta Voi, hupandishwa basi siku ile ile, safari ya zaidi ya kilomita 100, mguu mbichi umebanwa chini ya kiti.

Iko plasta ya faibaglasi. Ni nyepesi, na huweza kubeba uzito baada ya nusu saa hivi. Bei yake ni kubwa, tena mguu ukiwa bado unavimba daktari huenda akachagua jasi. Vema, hiyo ni kazi ya daktari. Lakini mwajiri atakaye bei ya jasi na haraka ya faibaglasi, huyo anatudhulumu.

Sheria ya mafao ya kuumia kazini ya mwaka 2007 yasema aliyeshindwa kufanya kazi siku tatu au zaidi kwa ajali ya kazini alipwe kwa kadiri ya mshahara wake. Gharama ya matibabu ni ya mwajiri, na pia chombo cha kumpeleka hospitali na kumrudisha nyumbani.

Basi tudai haya:

1. Asiitwe mtu kazini kabla daktari hajaandika.
2. Apewe gari la kumlaza, mguu umeinuliwa.
3. Plasta ikipasuka arudishwe hospitali. Jasi mpya haishikani vema na kuukuu. Kupaka juu ya ufa ni kuficha.

Ukiumia, mwarifu mwajiri na katibu wa tawi siku ile ile. Asiyesema haki yake hupotea.

Umoja ni nguvu!

Mfanya kazi wa Reli, Mahoo