Insha za Watoto na Habari za Kale

Twataka kuwaeleza wanachama wenzetu jambo ambalo limetuhangaisha siku nyingi, nalo ni habari ya watoto wetu wasiojua kuandika. Hatusemi wasiojua herufi. Herufi wanazijua, na mwandiko wa wengine ni mzuri kupita wetu. Tusemalo ni kuandika kwa maana yake hasa: kushika jambo lililotokea na kuliweka katika karatasi kwa taratibu, hata msomaji asiyekuwapo alione.

Jioni moja hapa Soweto, mtoto wa jirani, wa Darasa la Sita, alituletea daftari yake tumsahihishie insha. Kichwa chake kilikuwa "Safari Niliyoipenda". Alikuwa amepanda ndege kwenda Dar es Salaam, akapokewa na shangazi, akala pilau, akarudi salama. Tukamwuliza, "Ulipanda ndege lini?" Akacheka, akajibu, "Mjomba, sijapanda. Iliandikwa ubaoni, nasi tukainakili." Basi ndege ile ilichukua darasa zima, na wote wakala pilau ya shangazi mmoja.

Hatumlaumu mwalimu, maana mwenye watoto wengi katika chumba kimoja hufanya awezalo. Lakini sisi tukaao mezani kila siku kupokea barua za watu twaijua hasara yake. Tuliwahi kupokea barua ya wazee wa kijiji kimoja cha mlimani, iliyoandikwa na kijana wao aliyesoma. Ilikuwa kurasa tatu, na ukurasa wa kwanza wote ulikuwa salamu na sifa. Habari yenyewe ilikuwa kwamba mfongo wao ulikuwa umebomolewa, na migomba inakauka. Mfongo upi, haikusema. Ulibomolewa siku gani, na nani, na mahali gani, haikusema. Ilirudishwa ili wajieleze, ikaja tena baada ya majuma mengi, na wakati ule wote maji hayakupita. Wazee wale walikuwa na haki, lakini haki yao haikuwa imeandikwa.

Shauri letu ni hili: watoto wafundishwe kuandika kwa kutumia habari za kale. Mtoto akiambiwa, "Andika upendalo," hukaa akitafuna kalamu, kwa kuwa ana kazi mbili kwa pamoja, ya kutafuta la kusema na ya kutafuta namna ya kulisema. Habari ya kale humpa la kusema tayari. Ina mtu, ina mahali, ina mwaka, ina sababu na matokeo. Kazi inayombakia ni moja tu, kupanga.

Nasi makarani tuna babu zetu katika jambo hili. Huko Misri, zaidi ya miaka 3000 iliyopita, watoto wa shule walijifunza kwa kuandika maneno ya watu wa zamani juu ya vigae na vipande vya mawe, na vingi vimefukuliwa. Andiko mojawapo walilolipenda waalimu wao ni la mtu aitwaye Khety, akimpeleka mwanawe shuleni. Njiani amhesabia taabu za mfinyanzi, za mfumaji, za mvuvi, kisha aisifu kazi ya karani kuliko zote. (Yeye hakupata kukaa ofisini mwisho wa mwezi.) Lakini angalieni: nakala nyingi za wanafunzi wale zimejaa makosa, hata wataalamu wapata taabu kujua maneno ya asili yalikuwaje. Walinakili wasichokielewa. Ndege ya Darasa la Sita ni ya zamani sana.

Kwa hiyo hatutaki watoto wanakili. Twataka wasome kisha wafunge kitabu. Mtoto apewe habari fupi, sentensi sita au saba. Aisome kwa sauti mara mbili. Kutoka katika kila sentensi achague maneno matatu tu na kuyaandika pembeni. Kisha afunge kitabu, aisimulie kwa mdomo akitazama maneno yake, na mwisho aiandike kwa sentensi zake mwenyewe. Siku ya pili aiandike tena, lakini aanzie katikati au mwisho.

Atakayesema kwamba hayo ni mambo ya kigeni, na aulize habari za mregho. Wazee wa Kichagga walikuwa na fimbo iliyochanjwa alama, ambayo kwayo vijana walifundishwa katika mafundisho ya jando. Kila alama ilibeba somo lake, na mfundishaji alipoigusa, somo zima lilitoka. Mchungaji Bruno Gutmann, aliyekaa Old Moshi miaka mingi, aliyaandika mafundisho hayo kwa Kijerumani, na vitabu vyake vipo. Maneno matatu pembeni mwa daftari ni chanjo tatu za mregho. Tofauti ni kalamu tu.

Habari zenyewe hazitafutwi mbali. Kiko kitabu cha Periplus, kilichoandikwa katika karne ya kwanza na mfanya biashara wa Misri aliyetumia Kiyunani. Ataja soko la Rhapta katika pwani yetu hii, ambalo mahali pake hapajathibitika hata leo, na mashua za kushonwa, na pembe za ndovu nyingi, na mikuki na mashoka yaliyoletwa kuuzwa. Hana mapambo. Asema bandari ipi, mwendo wa siku ngapi, chanunuliwa nini, nani atawala. Kijana yule wa barua ya mfongo angalisoma ukurasa mmoja tu wa mtu huyu, wazee wake wangalipata maji mapema.

Au chukueni habari ya Johannes Rebmann. Tarehe 11 Mei 1848 aliona weupe juu ya mlima wetu, na kiongozi wake alimwambia tu kwamba ni "baridi". Rebmann akafahamu kuwa ni theluji, akaandika. Mabwana wa jiografia huko Uingereza, ambao hawakupata kufika huku, wakakataa, na ubishi ukaendelea miaka mingi. Mtoto wa Moshi aonaye Kibo kila asubuhi akiondoka kwenda shule aweza kuandika kurasa mbili bila kutafuna kalamu: nani aliona, nani alikataa, na kwa ushahidi gani.

Wako watakaotuambia kwamba habari za kale zitaamsha ugomvi wa koo na wa nchi za zamani, kwamba wa Kibosho atamsifu Sina na wa Moshi atamsifu Rindi. Neno hili lina uzito, wala hatulipuuzi. Lakini ugomvi huo husimuliwa vilabuni hata sasa, pasipo kalamu. Mtoto akitakiwa aandike vita moja mara mbili, mara kama mtu wa Sina na mara kama mtu wa Rindi, hujifunza jambo ambalo kilabuni halifundishwi. Tena ajifunze kutenga lijulikanalo na lisemwalo. Kwamba Mangi Meli alinyongwa na Wadachi Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na aandike waziwazi. Kwamba kichwa chake kilichukuliwa Ujerumani, na aandike, "Wazee wasema," na aongeze kwamba jamaa zake wamekitafuta miaka mingi. Karani asiyejua tofauti ya sentensi hizo mbili ni hatari katika ofisi yo yote.

Wengine watasema mtoto wa leo ahitaji Kiingereza na kompyuta. Vema, avipate. Kompyuta haikumwambia mtu ye yote mfongo wake umebomoka wapi.

Katika mtaala mpya ulioanza mwaka 2024 liko somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Twaona vema mwalimu wa somo hilo na mwalimu wa Kiswahili washirikiane, insha moja isahihishwe na wote wawili. Lakini sisi hatungojei. Tumekwisha kuanza na watoto saba barazani kwetu, Jumamosi baada ya saa nane. Jumamosi ya kwanza mmoja aliandika kwamba Rebmann alifika kwa basi, tukacheka wote, akafuta.

Tuna shida ya vitabu. Mwanachama aliye na nakala ya "Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera" cha Petro Itosi Marealle, kilichochapwa mwaka 1947, na atuazime kwa mwezi mmoja. Tutakifunika kwa karatasi, na watoto watanawa mikono.