Kumuuguza Mzazi ni Ibada, Kudai Haki Yake Si Aibu



Leo hatuzungumzii hina wala singo. Tunazungumzia jambo ambalo masomo wetu hawatufundi kabla ya harusi: siku utakayoingia chumba cha nyuma ukamkuta mavyaa, au mama yako mzazi, upande mmoja wa mwili hauna nguvu, na kuanzia siku hiyo wewe ndiye mikono yake na miguu yake.

Wengi wetu wa Unguja na Pemba tunaolewa Dodoma siku hizi. Serikali ya Muungano ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016, waume walihamishwa na sisi tukafuata. Wengine tumeingia katika koo za Kondoa, kwenye Waislamu wengi, tukapokewa vizuri, alhamdulillah. Lakini Dodoma si pwani. Ni nchi kavu, na maji yana hesabu yake. Mgonjwa asiyeinuka anataka mashuka yafuliwe kila siku, atiwe udhu kwa kila sala, ageuzwe mchana na usiku asipate vidonda vya kulala. Pampasi za watu wazima hazitolewi bure. Na nyumba ikipata mgonjwa wa namna hii, anayefunga genge au kuacha kazi ni mwanamke.

Tukisema tukaulize msaada, tunajibiwa: "Hela za TASAF? Mnatutia aibu!" Au: "Kumhudumia mzazi ni ibada, malipo yako yako kwa Mungu." Tumeyasikia hayo kwa mawifi, kwa majirani, hata kwa waume zetu. Leo tunayajibu.

Kwanza, hiyo aibu. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulipotaka kujaribu kuzipa kaya maskini ruzuku ya fedha, ulianza na wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Chamwino ni Dodoma hapo hapo. Baadaye ukaja mpango wa kunusuru kaya maskini kwa nchi nzima, Bara na visiwani. Majina hutajwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, kisha kaya huhakikiwa na kuandikishwa. Sasa wewe umemficha mama chumbani miaka mitatu kwa kuogopa maneno, nani atalitaja jina lake mkutanoni? Mmoja wetu alinyamaza hivyo hivyo. Orodha ilipoandikwa, mgonjwa wake hakuwamo, kwa sababu nusu ya mtaa haikujua kama yupo.

Dini haijawahi kuiita haki ya asiyejiweza kuwa ni aibu. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, alimkuta mzee kipofu, Myahudi, akiomba milangoni. Alimchukua, akampa, kisha akaagiza mzee yule na walio mfano wake watazamwe kutoka Baitul-mal. Hakumwambia akatafutwe binti yake amhudumie apate thawabu. Ikiwa mzee yule alikuwa na haki katika hazina ya umma, mama yetu aliyelima mpaka mgongo ukapinda hana?

Pili, hayo ya ibada. Suratul-Israa aya ya 23 tunaijua, na hatumwambii mzazi neno la kuchoka. Lakini aya ile inawaambia watoto wote, si mke wa mtoto mmoja peke yake. Matumizi ya mzazi asiyejiweza ni wajibu wa wanawe. Mke anayemwogesha mavyaa wake anafanya ihsani, na ihsani haigeuzwi kuwa kamba ya kumfungia mtu. Kaka anayetuma salamu kutoka Dar es Salaam kila Ijumaa, asitume salamu peke yake.

Na tuseme kweli hata ikituuma. Mwenye mume mwenye mshahara wa kutosha asiende kujiandikisha kama fukara. Nafasi ile ni ya mwingine, na kusema uongo ili kuipata ni haramu. Yeye adai kwa mume na mashemeji. Na anayepokea fedha kwa jina la mgonjwa ajue ameshika amana. Kwanza sabuni, dawa na chakula cha mama. Kitambaa cha Idi baadaye.

Lakini lawama zote tusiwape ndugu. Mpango wa TASAF unatazama umaskini wa kaya. Mikono ya anayeuguza haimo katika hesabu. Nyumba isiyo maskini wa kupindukia, ila mmoja ameacha kazi kwa ajili ya mgonjwa, haina fungu lake. Visiwani kwetu, tangu 2016, kila mzee wa miaka 70 anapata Pensheni Jamii, ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, wala haulizwi kama ni tajiri au maskini. Bara hakuna pensheni ya wazee wote ya namna hiyo. Kenya wana fungu la walio na ulemavu mkubwa, na mlezi ndiye anayelipokea kwa niaba ya mgonjwa. Kwa hiyo jambo hili linawezekana hapa hapa Afrika Mashariki.

Na msidhani wazungu waliletewa sahanini. Uingereza walianzisha posho ya anayemuuguza mlemavu mwaka 1976, wakawatoa wanawake walioolewa. Hoja yao ilikuwa kwamba mke yupo nyumbani tu! Jacqueline Drake, mke wa mtu aliyeacha kazi kumuuguza mama yake, alidai mpaka Mahakama ya Ulaya, na mwaka 1986 akashinda. "Mke yupo nyumbani tu": si ndiyo maneno tunayoambiwa Kondoa na Mkwajuni?

Basi dada zetu, tufanye hivi. Mgonjwa ajulikane kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa kamati ya watu wenye ulemavu na kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mkutano ukiitwa, twende, jina litajwe. Tukikataliwa, tuulize sababu kwa adabu, na turudi tena. Kwa wabunge, ambao mji wao ni huo huo Dodoma, tunadai pensheni ya wazee Bara na fungu la anayeuguza.

Na wewe biharusi mtarajiwa, kabla ya kutaja mahari, uliza: wazazi wa mume wana hali gani, nani anawauguza, na ndugu zake wanachangia nini? Si utovu wa adabu. Bora swali kabla ya ndoa kuliko kinyongo juu ya kitanda cha mgonjwa.

Allah awape shifaa wazazi wetu, awarehemu waliotangulia, na atupe sisi mikono laini na ulimi usioogopa kudai haki. Amin.