Paka Abadilikapo kwa Ghafula

Katika nyumba nyingi za Nyahanga, mjini Kahama, paka hafugwi kwa ajili ya kupakatwa. Hufugwa kwa sababu ya panya, nao panya hufuata mpunga. Mavuno yakishaingia ghalani, paka mmoja hodari ana thamani kuliko mitego kadhaa. Lakini mnyama huyu, ambaye hatumwangalii sana akiwa mzima, hututia hofu kubwa siku anapogeuka: aliyekuwa mpole anawarukia watu, aliyezoea kuzunguka anajificha uvunguni mchana kutwa, aliyekuwa kimya analia usiku kama mtoto mchanga.

Hapo ndipo maelezo ya haraka hupatikana. Husemwa kwamba paka huyo ametumwa, na akishasemwa ametumwa, hutafutwa aliyemtuma. Katika mkoa wa Shinyanga, ambako vikongwe wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi, baadhi yao kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyoletwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi, maneno ya namna hiyo si mzaha. Paka hupigwa mawe, hutupwa jalalani, na jambo likahesabiwa kuwa limekwisha. Maoni yangu ni kwamba hapo jambo ndilo kwanza limeanza, na kwamba waliorusha mawe wameuharibu ushahidi waliouhitaji kuliko kitu kingine chochote.

Tuchukue kwanza sababu iliyo ya hatari kupita zote, ijapokuwa si ya kawaida kupita zote. Kichaa cha mbwa kina jina linalopotosha, kwani virusi vyake humwingia mnyama yeyote anyonyeshaye, paka akiwamo. Ni kweli kwamba mbwa ndiye huwaambukiza watu walio wengi. Lakini paka mwenye ugonjwa huu ni mkali mno. Hushambulia bila kuchokozwa, sauti yake hubadilika, mate humtoka kwa kuwa hawezi kumeza, na miguu humlegea. Tangu dalili zionekane, kwa kawaida hafikishi siku 10. Makadirio ya wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba kichaa cha mbwa kiliua watu wapatao 1,500 kila mwaka nchini Tanzania, ilhali vifo vilivyoandikwa rasmi vilikuwa vichache sana. Wengine walikufa majumbani, na bila shaka wako waliosemekana wamerogwa.

Aliyeng'atwa au kuparurwa na paka wa namna hiyo hana budi kuliosha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo. Dalili zikishamtokea binadamu, tiba karibu haipo. Paka akiweza kufungiwa bila mtu kujihatarisha, afungiwe na daktari wa mifugo aarifiwe. Akibaki mzima kwa siku 10, tutajua kwamba mate yake hayakuwa na virusi siku aliyong'ata. Majeruhi, hata hivyo, asizingoje siku hizo ndipo aanze chanjo. Na akifa, ugonjwa huthibitishwa kwa kupima ubongo wake. Kichwa kilichopondwa kwa jiwe hakimwambii mtaalamu lolote.

Sababu zilizo nyingi zaidi ni nyepesi kuliko hiyo. Jike alilaye usiku na kugaagaa sakafuni huenda anatafuta dume tu, na kwetu karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana, hali hiyo yaweza kumjia wakati wowote wa mwaka. Dume aendaye mchangani mara kwa mara bila kutoa mkojo ameziba njia, naye asipotibiwa aweza kufa katika siku chache. Jino bovu, au jipu lililotokana na mapigano ya usiku, humfanya paka mpole amng'ate mtoto amshikaye.

Iko sababu moja ambayo sisi wa nchi ya ng'ombe twapaswa kuijua zaidi. Mtu huchukua dawa ya kuogeshea mifugo, akampaka paka wake ili kumwondolea viroboto. Dawa nyingi za siku hizi ni za jamii ya pareto ya viwandani. Ng'ombe na mbwa huzistahimili, lakini ini la paka haliwezi kuzivunja upesi, na baadhi yake, hasa permethrini, humletea mtetemeko, degedege na kifo. Mwenye paka aonapo hayo hutafuta adui mtaani, kumbe dawa aliipaka kwa mkono wake mwenyewe.

Mimi hukumbuka pia habari za Minamata, mji wa pwani nchini Japani. Katika miaka ya 1950 wavuvi wa huko waliwaona paka wao wakiyumba, wakizunguka kama wachezao ngoma, wengine wakitumbukia baharini. Mwaka 1956 ugonjwa kama huo ulitambuliwa rasmi kwa watu. Mwaka 1959 Daktari Hajime Hosokawa, mkuu wa hospitali ya kiwanda cha Chisso, alimlisha paka chakula kilichochanganywa na majitaka ya kiwanda hicho, naye paka akapata dalili zilezile. Kampuni ikayaficha matokeo hayo. Serikali ya Japani ilikiri chanzo mwaka 1968: zebaki ya majitaka, iliyoingia katika samaki, kisha katika paka na watu waliokula samaki haohao.

Nayataja haya kwa kuwa katika ukanda wa dhahabu, kutoka Kahama hadi Geita, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasia dhahabu, na wako wachomao mchanganyiko huo ndani ya nyumba, jiko lilelile alalapo paka. Sidai kwamba kila paka atetemekaye amedhurika hivyo. Zebaki ya wachimbaji ni ya namna nyingine, hudhuru zaidi kwa mvuke wake, na vipimo vya miaka ya 1990 viliona kiasi kidogo tu katika samaki wengi wa Ziwa Victoria. Lakini mvuke huo huwafikia mama na mtoto waliokaa jikoni, na paka huwa nao hapo.

Kwa hiyo ningependa walimu wa baiolojia wa shule za sekondari za huku wawape wanafunzi daftari moja dogo. Waandike humo tarehe paka alipobadilika, alikula nini, alipakwa dawa gani, kama alipigana au aling'atwa wiki au miezi iliyotangulia, anakunywa maji au hapana, na kama yuko mtu aliyeparurwa. Wamtazame kwa mbali, wasimshike. Likiwapo jeraha, daftari lingoje, mtoto apelekwe hospitali kwanza. Kisha daftari hilo lifikishwe kwa daktari wa mifugo kabla majirani hawajaanza kuulizana paka ni wa nani.