Kabla Hatujavuka Namanga

Haya, leo naomba tuongee biashara kidogo kabla ya kurudi kwenye kompyuta.

Kuna programu ndogo niliyoandika kwa ajili ya maduka ya hapa Ekalakala. Kazi yake ni kuweka madeni: nani kachukua unga, nani kachukua sukari, aliahidi kulipa lini. Mteja akilipa kwa M-Pesa, programu inasoma ule ujumbe wa simu na kupunguza deni yenyewe. Basi. Sasa mwenzangu katika biashara hii anataka tuipeleke Arusha. Watanzania wanaongea Kiswahili, wana M-Pesa, wana maduka ya kukopesha, tunangoja nini? Pesa inayotakiwa ni akiba yetu yote, kwa hiyo swali si la mzaha.

Mimi nasema tusubiri, na sababu yangu ni M-Pesa yenyewe.

Ilianza Kenya Machi 2007 ikashika kasi ajabu. Mwaka 2010 Vodacom wakaipeleka Afrika Kusini wakishirikiana na benki ya Nedbank, wakitarajia wateja milioni 10 ndani ya miaka mitatu. Nchi tajiri kuliko yetu, kampuni kubwa, huduma iliyokwisha kujaribiwa. Mwaka 2014 wakaizindua upya na benki nyingine. Juni 2016 wakaifunga, na waliokuwa wakiitumia hasa walikuwa kama 76,000.

Sisi waandishi wa programu tukisikia hivyo tunakimbilia kutafuta hitilafu kwenye msimbo. Haikuwa huko. Kule watu wengi tayari walikuwa na akaunti na kadi za benki, wengine walituma pesa kupitia kaunta za supamaketi, masharti ya kumsajili mteja yalikuwa makali, na Vodacom haikulishika soko jinsi Safaricom ilivyolishika letu. Kijana wa Nairobi aliyekuwa akimpa dereva wa basi bahasha ya mama yake alikuwa na shida iliyokwisha siku ileile aliyojisajili. Kule shida hiyo haikuwa kubwa hivyo.

"Lakini Tanzania ilifaulu!" ananiambia mwenzangu. Kweli, iliingia mwaka 2008 na imeota mizizi. Ila ilianza polepole, na haiko peke yake: kuna Airtel Money, HaloPesa, na ile iliyokuwa Tigo Pesa ambayo siku hizi ni Mixx by Yas. Programu yangu imezoea ujumbe wa mtandao mmoja. Tena niliweka nafasi ya tarakimu tano kwa kila deni. Shilingi yetu moja ni kama 20 za kwao, kwa hiyo deni la 5,000 linakuwa 100,000 na skrini inameza sifuri moja. (Nilicheka nilipoiona, kisha nikaacha kucheka.) Hayo nitayarekebisha kwa wiki mbili.

Lakini sheria siwezi kuirekebisha. Orodha ya wadaiwa ni taarifa za watu, na Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022, yenye masharti kuhusu kuzipeleka nje ya nchi. Seva yetu iko Kenya. Kati yetu nani ameisoma sheria hiyo? Hakuna.

Na mwenye duka wa Arusha anakopesha vipi? Hapa mama wa dukani anajua mkulima atalipa akivuna ndengu, ndiyo maana tarehe ya kulipa inaweza kusogezwa hadi mavuno. Hatukuyawaza hayo sisi; alituambia yeye, baada ya kulikataa toleo la kwanza mbele ya wateja wake.

Nimemwambia mwenzangu tutoe nauli ya mtu mmoja tu. Aende yeye, akae nyuma ya kaunta ya duka moja wiki tatu akiwa na daftari na kalamu, bila programu. Akirudi na kurasa zilizojaa, tutaigusa akiba. Mimi kwa sasa nashughulika na Matuu, hapo jirani tu, ambako hatujapata hata duka moja.