Bei Iliyo Moyoni na Bei Iliyo Sokoni

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Maneno hayo niliyanena mara nyingi, tena kwa majivuno, katika muda ambao nyumba yangu ya Buruburu, jijini Nairobi, ilikaa tupu ikingoja mnunuzi. Leo nikimsikia mwenye nyumba akijikinga nayo, humhurumia. Mimi si mtaalamu wa ardhi. Ninachokijua juu ya kuteremsha bei nilikijua kwa kuchelewa kuiteremsha.

Nyumba yenyewe niliinunua mwaka 1998 kwa shilingi milioni 2. Ni miongoni mwa zile nyumba za mtaa huo zilizojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya sabini: zimeshikana kuta, zina paa la vigae na ua mdogo ambao aghalabu siku hizi umegeuzwa duka au chumba cha kupangisha. Machi 2022, nikiwa nimekwisha kustaafu, nilikata shauri la kuiuza ili nipate karo ya kitindamimba wangu, binti aliyekuwa ameanza kusomea udaktari. Nilimtoa mpangaji aliyekuwa akinilipa shilingi 45,000 kwa mwezi, nikapaka rangi, nikatundika bango langoni na kutangaza bei ya shilingi milioni 14.

Je, bei hiyo niliipata wapi? Mthamini niliyemlipa aliniandikia milioni 12.3. Waraka wake niliukunja nikautia mkobani, kwa maana nilikuwa nimesikia arusini kwamba nyumba ya kichochoro cha pili imeuzwa milioni 14.5. Sikujali kwamba nyumba hiyo ilikuwa ya pembeni, inatazama barabara, na aliyeinunua alitaka mahali pa biashara. Mwenye kuuza husikia lile tu linalompendeza. Isitoshe, nilikuwa nimejumlisha ndani ya bei gharama za jiko nililolipanua, mizizi niliyoing'oa na miaka ya ujana wangu, vitu ambavyo mnunuzi hana haja navyo.

Katika wiki kumi za mwanzo walifika watu wengi, na watatu kati yao walitaja bei. Wa kwanza alisema milioni 12, wa pili milioni 11.8, na wa tatu, mwalimu mmoja mpole aliyekuja na mkewe mwezi Mei, alifikia milioni 12.5. Niliwaona wote watatu kuwa wamenidharau. Laiti ningalitulia nikatafakari! Watu watatu wasiojuana, waliokuja siku mbalimbali, walikuwa wametaja takribani bei ile ile aliyoiandika mthamini. Hilo ndilo soko lenyewe, wala hakuna baragumu jingine litakalopulizwa kulitangaza.

Naam, kabla ya kuigusa bei ni lazima muuzaji aupime ugonjwa. Ikiwa watu hawaji kabisa, yamkini bei inawafukuza wangali mbali, au madalali wanaitangaza kwa bei tano tofauti, kila mmoja na yake. Ikiwa wanakuja, wanasifu, kisha hawarudi baada ya mawakili wao kukagua karatasi, tatizo huenda limo katika hatimiliki: jina la marehemu ambaye mirathi yake haijakamilika, ada za ardhi za kaunti zilizolimbikizwa, au mkataba wa umiliki uliobakiwa na miaka michache hata benki ikasita kuikubali nyumba kuwa rehani. Hapo kupunguza bei ni kumpaka mgonjwa dawa pasipouma. Lakini wanapokuja, wakarudi, na wote wakataja kiasi kinachokaribiana chini ya bei yako, ugonjwa ni bei.

Mnunuzi naye ana mzigo wake ambao muuzaji hauoni. Mjini hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4 ya thamani, yaani nusu milioni kwa nyumba ya milioni 12.5, mbali na ada ya wakili. Na wanaonunua kwa mikopo ya nyumba katika nchi hii ni wachache mno. Hesabu ya mikopo hiyo kwa miaka mingi imekuwa kati ya 20,000 na 30,000 hivi kwa taifa zima. Wengi hununua kwa akiba, kwa chama cha ushirika, au kwa kuuza shamba. Mtu kama huyo hawezi kuongeza milioni moja na nusu kwa sababu tu wewe umekaza shingo.

Nilipoanza kuteremsha, niliteremsha vibaya. Julai nikasema milioni 13.8, Septemba 13.7, kisha 13.5. Madalali wakawanong'onezea wateja, "Subirini, mzee bado anashuka." Upungufu wa namna hiyo haumwiti mnunuzi mpya, ila humfundisha wa zamani kungoja. Wakati huo huo uchaguzi wa Agosti 2022 ulikuwa umewafanya wenye fedha kuzifungia, na riba ya Benki Kuu, iliyokuwa asilimia 7 mwanzoni mwa mwaka huo, ilikuwa imefika asilimia 10.5 kufikia Juni 2023.

Pigo kubwa zaidi lilitoka kwa mtoza ushuru. Tarehe 1 Januari 2023 kodi ya faida itokanayo na mauzo ya mali ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15. Sheria hiyo ilikuwa imepitishwa katikati ya 2022, na magazeti yaliitangaza. Niliisoma, nikageuza ukurasa.

Agosti 2023 niliuza kwa milioni 11.5. Tukiziacha gharama ndogo ndogo, faida ilikuwa milioni 9.5, na kodi yake shilingi 1,425,000. Kwa mwalimu yule ningalilipa 525,000. Kwa hiyo nilibakiwa na shilingi 10,075,000 badala ya 11,975,000. Ongeza kodi ya pango ya miezi kumi na mitano, shilingi 675,000, na mshahara wa bawabu wa kulinda nyumba tupu. Haya yote naweza kuyavumilia. Lakini binti yangu aliahirisha masomo mwaka mzima kwa kukosa karo, na wenzake wakamtangulia. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Sisemi kila muuzaji akimbilie kupunguza. Wapo madalali ambao wiki ya kwanza haijakwisha wanakusukuma ushuke, kwa kuwa wao wanataka ujira wao leo. Asiye na haja ya haraka, ambaye nyumba yake ina mpangaji, anaweza kungoja. Lakini mwenye nyumba tupu na haja ya kweli, akiona miezi mitatu imepita na bei zinazotajwa zinakubaliana, na ashuke mara moja, kwa kipimo kinachoonekana, hadi pale wanunuzi walipo.

Kule ninakoishi sasa, jirani yangu ametundika bango. Huu ni mwezi wa saba, na maandishi yameanza kufifia kwa jua. Nilimweleza habari zangu zote, akanisikiliza kwa adabu. Ijumaa iliyopita alipunguza shilingi laki moja.