KUMI NA MBILI YA DUKANI NI KUMI NA MOJA



Mnyonyaji wa siku hizi si lazima aje na kofia ya jua na bakora mkononi. Hukaa nyuma ya meza ya duka la vifaa vya ujenzi, akakukaribisha kwa soda, akakuita mheshimiwa, kisha akakuuzia nondo ya milimita 11 kwa bei ya milimita 12. Nawe unaondoka ukimshukuru.

Nasema niliyoyaona. Mwaka jana tawi letu, hapa mkoani Mwanza, lilianza kujenga ofisi. Wenye fedha walitoa fedha, vijana walisomba mchanga na kokoto, akina mama walibeba maji ya zege. Tukanunua nondo 40 za milimita 12 kwa ajili ya msingi na nguzo. Ziliposhushwa niliziona nyembamba. Mimi nimesomea ualimu, na hesabu ndiyo somo langu. Basi nikaazima mizani ya kuning'iniza kutoka chama cha msingi cha wakulima wa pamba, tukaanza kupima moja moja.

Hesabu yenyewe haimshindi mtoto wa darasa la tano. Chukua unene wa nondo kwa milimita, uuzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa 162. Utapata kilo za mita moja. Kumi na mbili mara kumi na mbili ni 144. Gawa kwa 162, utapata kilo 0.89. Nondo nzima ina mita 12, kwa hiyo hapana budi iwe na uzito wa karibu kilo 10.7. Ya milimita 10 iwe kilo 7.4, na ya milimita 16 iwe kilo 19. Kiwanda huruhusiwa kupungukiwa kidogo, asilimia chache tu. Zetu zilikuwa na kilo 9. Rudi nyuma kwa hesabu ile ile utakuta ni nondo ya milimita 11, iliyobatizwa jina la kaka yake. Katika nondo 40 tulikuwa tumepunjwa kilo 68 za chuma, ndiyo kusema nondo sita nzima tulizilipia nazo zikabaki kwa tajiri.

Tulipokwenda kumwuliza alicheka. Akasema, "Mwalimu, hiyo ndiyo kumi na mbili ya soko." Ya soko! Je, iko na kilo ya soko yenye gramu 840? Mama anayeuza dagaa akipunguza kipimo namna hiyo, wateja watampigia kelele hadi afunge biashara. Lakini mwenye duka kubwa akifanya hivyo huitwa mjuzi wa biashara.

Lililoniuma zaidi lilitoka kwetu wenyewe. Mmoja wa wakubwa wa tawi alisimama kikaoni akasema tuache maneno, kwa kuwa mtu yule alituchangia rangi ya mlango. Ndugu zangu, rangi ya mlango kwa nondo sita! Tena akaongeza kwamba nondo si siasa.

Mzee huyo ni mwenyeji wa Usukuma, na nashangaa amesahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa nchi hii hii, wakiwa wamechoka kuibiwa uzito, waliweka wapimaji wao wenyewe kando ya mizani ya wanunuzi. Kutokana na mizani hiyo vikazaliwa vyama vya ushirika, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Walianza kwa kuuliza kilo ngapi. Kama hiyo haikuwa siasa, basi sijui siasa ni nini.

Na pamba ikipunjwa mkulima hulala njaa, lakini nondo ikipunjwa nyumba humwangukia akiwa amelala. Zege ni hodari wa kubeba mzigo unaoligandamiza, ila likivutwa hupasuka upesi. Kazi ya kuvumilia mvuto ni ya chuma. Ukiondoa asilimia 16 ya chuma umeondoa asilimia 16 ya uvumilivu huo. Udongo wetu mweusi wa mbugani hufura wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, na kila mwaka huutikisa msingi. Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, ghorofa lililokuwa likijengwa liliporomoka likaua watu 36. Sisemi ni nondo zilizowaua. Nasema kwamba anayepunja vifaa vya ujenzi anacheza na roho za watu, wala haistahili tumpokee kwa makofi.

Nasi wajenzi tuna makosa yetu. Wako wanaonunua milimita 16 kwa fahari ili jirani aone, halafu fundi anazilaza juu ya udongo mtupu, na baada ya miaka michache zimeliwa na kutu. Afadhali milimita 12 ya kweli, iliyoinuliwa sentimita 5 kwa vile vipande vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti, na panapounganishwa nondo zipandane sentimita 60, kuliko 16 ya maonyesho. Unene gani unafaa ni swali la mhandisi aliyeuona udongo wako. Usimwachie mwuzaji akujibu.

Nondo zetu tulizirudisha. Ilichukua majuma mawili na safari tatu, na mwenye duka alizikubali tu alipotuona tumekuja watu thelathini, tena na mizani. Msingi wa ofisi umekwisha kumwagwa kwa nondo zenye uzito wake. Mizani ya chama cha msingi tumeirudisha. Tumenunua ya kwetu. Mwanachama yeyote anayejenga aichukue kabla hajalipa fedha, si baada ya kulipa. Funguo anazo katibu wa tawi, na siku za Jumamosi mimi mwenyewe huwapo tangu saa mbili asubuhi.